Je, Wajua Kwa Nini Albamu ya Queen Iliyokataliwa Mwaka 1982 Inapendwa Leo?

Ami yangu mkubwa hana haja ya kufikiri akiulizwa ni albamu gani ya Queen iliyo mbaya kuliko zote. Kwa miaka 40 na ushei amekuwa akijibu kwa jina moja, Hot Space, na akibanwa zaidi huongeza methali ambayo mtu wa pwani huielewa bila kufafanuliwa: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Alikuwa kijana wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, wakati jirani yao aliyekuwa baharia alipomletea kaseti hiyo, na anasema alihisi amepewa bendi nyingine iliyofichwa ndani ya jalada la bendi aliyoipenda. Mabinti zake wawili, ambao huisikiliza albamu iyo hiyo kwenye simu wakivuka feri ya Likoni kwenda kazini, hawaoni kosa lilipo. Nao si peke yao, kwani mashabiki wengi wa Queen, wakiwamo waliokuwa wakiikejeli, wameirudia albamu hiyo na kukiri kwamba ina mambo. Sauti zilizonaswa studioni hazijabadilika hata chembe. Basi ni nini kilichobadilika?

Queen iliundwa London mwaka 1970, na mwimbaji wake, Freddie Mercury, sisi wa mwambao humhesabu kuwa mtu wa nyumbani, kwa kuwa alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mwana wa familia ya Kiparsi iliyohama kisiwa hicho mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Wenzake walikuwa Brian May wa gitaa, Roger Taylor wa ngoma na John Deacon wa besi. Hot Space, iliyotoka Mei 1982, ilikuwa albamu yao ya 10 ya studio, kwa hiyo haikuwa kazi ya wanagenzi wanaojaribu bahati. Ilikuwa kazi ya watu waliokwisha kujaza viwanja vya mpira, na ambao mashabiki wao waliamini kwamba wanawajua ndani na nje.

Methali ya ami ina msingi wake. Mwaka 1980 Deacon aliandika wimbo wa besi kavu na mdundo wa kuchezeka, Another One Bites the Dust, ambao ulishika nafasi ya kwanza Marekani na kupigwa katika madisko ambayo hapo awali hayakuwa na haja na muziki wa roki. Sifa hizo ndizo zilizowatuma kuifuata njia ile ile kwa albamu nzima. Walirekodi Munich, mji uliokuwa na maisha ya usiku yaliyomvutia sana Mercury, na pia Montreux huko Uswisi, wakatumia mashine za kupiga ngoma, vinanda vya umeme na ala za kupuliza zilizopangwa na mtayarishaji wa muziki Arif Mardin. Katika wimbo wa kwanza, Staying Power, hata besi haikupigwa kwa gitaa la besi bali kwa kinanda. Gitaa la May, ambalo lilikuwa kama sahihi ya bendi, lilisogezwa pembeni katika nyimbo kadhaa, na May mwenyewe amesema mara nyingi kwamba hakufurahishwa na hali hiyo.

Ili kuelewa ukubwa wa kosa machoni pa mashabiki wa wakati ule, ni lazima kukumbuka kwamba albamu za mwanzo za Queen zilitangaza kwenye majalada yake kwamba hakuna sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme, iliyotumika. Lilikuwa tangazo la fahari, karibu kiapo, na shabiki aliyelisoma tangazo hilo akiwa kijana wa miaka 15 alijiona kuwa amewekwa upande fulani wa mstari. Kinanda cha umeme kilikuwa kimeingia tayari mwaka 1980 katika albamu ya The Game, lakini kwa adabu ya mgeni aliyekaribishwa. Katika Hot Space mgeni alikaa kitini pa mwenye nyumba.

Huko Marekani jambo lilikuwa zito zaidi. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa Comiskey Park mjini Chicago, shehena ya santuri za disko ililipuliwa mbele ya umati, kisha watazamaji wakavamia uwanja hadi mchezo wa pili wa besiboli wa siku ile ukashindikana kuchezwa. Chuki hiyo haikuwa ya mdundo peke yake, maana disko ulikuwa muziki uliolelewa na Wamarekani weusi, Walatino na mashoga, na wengi wameona kwamba santuri zilikuwa kisingizio tu. Bendi ya roki iliyojitosa katika mdundo huo miaka mitatu baadaye ilikuwa inatembea penye makaa, na mambo hayakusaidiwa na video ya wimbo wa Body Language, ambayo MTV, televisheni ya muziki ya Marekani, ilikataa kuionyesha kwa sababu ya picha zake za kimahaba. Albamu ilifika nafasi ya 4 Uingereza na kuishia nafasi ya 22 Marekani, ilhali The Game ilikuwa imeongoza chati za nchi zote mbili. Baada ya ziara ya mwaka 1982, Queen haikuzuru tena Marekani ikiwa na Mercury.

Mtu wa Mombasa hana sababu ya kuwacheka mashabiki hao. Ugomvi wa aina hiyo tumekuwa nao wenyewe katika taarabu, na ulikuwa mkali vile vile. Juma Bhalo alipoimba kwa lahani za filamu za Kihindi, wapo waliosema kwamba mashairi mazuri yanavishwa nguo za kuazima. Vilipokuja vinanda vyenye midundo iliyotiwa tayari kiwandani, waliozoea udi na fidla walisema taarabu imekwisha. Leo kaseti za Bhalo ndizo zinazotajwa kwa heshima na watu wa rika lile lile la walalamikaji. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba msikilizaji wa zamani hakuwa mjinga wala kiziwi. Alichokuwa akikipima ni umbali kati ya alichokitarajia na alichopewa, na umbali huo ulikuwa wa kweli kwake, ila haukuwa ndani ya nyimbo.

Mabinti wa ami hawana umbali huo wa kupima. Wameikuta Queen yote mara moja, ya mwaka 1975 na ya mwaka 1982 zikiwa zimelala ubavu kwa ubavu kwenye simu moja, kwa hiyo hakuna iliyotangulia kuwaahidi kitu. Lakini kuna sababu nyingine ambayo kwa maoni yangu ina uzito kuliko hiyo, na ambayo huzungumzwa kidogo mno, nayo ni mlango ambao kila rika liliingilia.

Hot Space ina nyimbo 11. Upande wa kwanza una 5, na karibu wote ni muziki wa kuchezesha, wenye mashine na sauti kavu. Upande wa pili una 6, na ndiko yaliko mengi ambayo shabiki wa zamani angeyatambua, kama vile gitaa lenye hasira la Put Out the Fire, wimbo wa Mercury wa kumkumbuka John Lennon wa Beatles aliyeuawa Desemba 1980, na Las Palabras de Amor wa May. Wimbo wa 10 ni Cool Cat, mpole na wa madaha, ambao Mercury aliuimba kwa sauti nyembamba ya juu mwanzo hadi mwisho. Wa 11 ni Under Pressure, uliorekodiwa pamoja na mwimbaji Mwingereza David Bowie huko Montreux na ambao ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza Uingereza tangu Novemba 1981. Ami aliweka kaseti yake na kuanza upande wa kwanza, kama ilivyompasa, na akakutana na nyimbo tano mfululizo za kumuudhi. Kuziruka hakukuwa rahisi: kupeleka mkanda mbele kulikula betri, na ndiyo maana watu wa rika lake walizoea kuuzungusha mkanda kwa kalamu ya Bic. Wengi walikata tamaa kabla ya kugeuza upande. Mabinti zake waliingia kupitia Under Pressure, ambao kila mtu anaujua, kisha simu ikawapigia Cool Cat, na kutoka hapo wakarudi nyuma wimbo kwa wimbo, tayari wakiwa wameshapenda. Albamu ni moja, lakini rika moja lilipitishwa mlango wa mbele uliokuwa umefungwa nusu, na jingine likapitishwa uani kulikokuwa na karamu.

Masikio nayo yamezoea mengine. Mashine ya ngoma iliyosikika kama udanganyifu mwaka 1982 imekuwa chakula cha kila siku, kuanzia bongo fleva hadi muziki unaotikisa vioo vya matatu za Mombasa. Miezi michache baada ya Hot Space, Michael Jackson alitoa Thriller, na May amewahi kusema kwamba Jackson aliitaja Hot Space kuwa miongoni mwa kazi zilizomchochea. Iwe hivyo au isiwe, mchanganyiko wa gitaa la roki na mdundo wa dansi, uliowakera watu Mei, ulikuwa ukishangiliwa kabla ya mwaka kugeuka.

Kuna pia huruma, na hapa nashauri uangalifu. Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991 na Bowie mwaka 2016, na ni vigumu kuwasikia wakipokezana ubeti bila kuguswa. Hata hivyo, majonzi si hoja ya kimuziki. Body Language ulikuwa wimbo mwembamba mwaka ule na umebaki mwembamba hadi leo, nao wanaodai kwamba albamu yote ni johari iliyozikwa wanafanya pupa ile ile ya waliodai kwamba yote ni takataka.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa jukwaani. Tarehe 5 Juni 1982 Queen ilipiga muziki Milton Keynes Bowl, Uingereza, na rekodi kamili ya onyesho hilo ilitolewa rasmi mwaka 2004. Katika Staying Power, Deacon aliiacha besi akashika gitaa, likawa la pili pembeni mwa lile la May, na Taylor akapiga ngoma kwa mikono badala ya mashine. Wimbo uleule uliokuwa mkavu studioni ukapata damu. Kwa hiyo waliolalamikia ukosefu wa gitaa walikuwa na haki kuhusu namna nyimbo zilivyovishwa, na wanaozipenda leo wana haki kuhusu nyimbo zenyewe.

Nilimweleza ami haya yote juu ya kahawa chungu barazani kwake, naye akatikisa kichwa kwa heshima ya mtu asiyekubali. Jioni ile binti yake mdogo aliitoa ile kaseti kutoka sandukuni, akaitia katika redio ya zamani ambayo bado inafanya kazi, akabonyeza bila kuurudisha mkanda mwanzo. Uliendelea pale ulipoachwa mara ya mwisho, hakuna ajuaye lini, upande wa pili, katikati ya Cool Cat. Ami alikitazama kikombe chake, kisha akaniuliza kama swala ya Isha imeshaadhiniwa.