Rezini ya UV: pale mwanga haujafika, bado ni maji

Mama mmoja wa Himbi, mtaa wa hapa Goma, alinunua kwangu hereni za jiwe ya volkano, zile ndogo za kubana ku sikio, siku ya tatu akarudi. "Mwanangu, hereni ni nzuri lakini masikio yananiwasha tangu juzi, angalia." Nikaangalia, kweli nyama ya sikio imekuwa nyekundu na vipele vidogo vidogo. Nikachukua ile hereni, kwa mbele inang'aa kama kioo, hakuna kasoro, nikaigeuza nikakamata koleo nikang'oa kile kisahani cha chuma chenye kinashika kijiti, na chini yake nikakuta rezini bado iko maji, inavutika kama asali. Mimi mwenyewe njo niliibandika na rezini ya UV, ile ya maji yenye inagandishwa na mwanga wa lampe, nikaweka mu lampe dakika mbili, nikaamini imeshika. Nikamrudishia franga zake zote na nikamwambia apite kwa munganga wa ngozi.

Tangu siku ile kuna kitu kimoja nataka kila mtu mwenye anafanya kazi hii hapa Goma akielewe vizuri, juu naona vijana wengi wameanza, dada zetu wanauza pandantifu na hereni ku WhatsApp, vitu vizuri kabisa, na karibu wote wananiuliza swali moja: "Yaya, ni dakika ngapi mu lampe?" Dakika si swali la kwanza. Swali la kwanza ni: mwanga umefika wapi?

Ngoja nieleze. Rezini ya UV haikauki vile rangi ya ukuta inakauka. Rangi inakauka kwa sababu maji yake yanaenda mu hewa, lakini mu rezini hakuna kitu kinaondoka, ile maji yenyewe njo inageuka kuwa plastiki. Mule ndani kuna vipande vidogo sana vinaitwa akrilati, viko vinaogelea kila kimoja kivyake, na katikati yao wameweka dawa kidogo inaitwa fotoinisieta, hiyo njo kiberiti. Mwanga wa UV ukiigusa inavunjika, na vile vipande vyake vilivyovunjika vinakuwa na njaa ya kushika kitu, vinakamata akrilati ya kwanza, ile inakamata ya pili, ya pili inakamata ya tatu, mnyororo unajifunga mupaka yote inakuwa kitu kimoja kigumu. Yote hayo mu sekunde. Munganga wa meno naye akiziba jino na ile taa yake ya bulu anafanya kazi ya ukoo huo huo, tofauti ni rangi ya mwanga tu. Lakini pale mwanga haujagusa, kiberiti hakiwaki. Ukiiacha mwaka mzima chini ya kisahani cha chuma, utaikuta maji.

Lampe sasa. Wengi tunatumia zile za saluni ya makucha na ziko sawa, lakini angalia chini ya lampe au ku karatasi yake kama wameandika nanomita 365 na 405, njo kipimo cha aina ya mwanga, juu rezini nyingi za kazi yetu zinataka mwanga wa katikati ya hizo namba. 405 inaingia ndani zaidi kidogo, 365 inasaidia sana usoni, yenye iko na zote mbili njo nzuri. Kuna lampe za zamani za tyubu nne za wati 9, jumla 36, nazo zinafanya kazi ila tyubu zinazeeka, zinawaka vizuri ku macho lakini UV yake imeshapungua, kwa hiyo usishangae kama kazi ya dakika mbili leo inaomba tano. Fundi simu wanatumia lampe hizo hizo kwa kole (gundi) ya vioo, unaweza kumuomba fundi akuazime siku unajaribu. Lakini ile kalampe ka kuangalia kama dola ni ya uongo, apana, mwanga wake ni mdogo sana, utakaa hapo mupaka jioni na ndani bado maji. Namba za wati ku boksi nazo usiziamini sana. Mimi napima hivi: naweka tone moja ku karatasi ya plastiki, nawasha, nahesabu sekunde ngapi mupaka kijiti cha meno kigonge kama kinagonga jiwe, njo hesabu ya lampe yangu na rezini ile. Nikibadilisha chupa napima tena.

Na kama umeme umekatika, tuko na jua. Sisemi hivyo kwa kujifariji. Goma iko karibu na ikweta na iko juu, karibu mita 1,500 toka usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unapanda UV inaongezeka kama asilimia 10, kwa hiyo jua la saa sita hapa linafanya kazi kweli, kitu chembamba kinashika mu dakika chache, ata wingu jepesi halilizuii yote. Ubaya wake ni kwamba jua halichagui. Chupa yako ikikaa karibu na dirisha itagandia ndani, kioo cha dirisha kinapitisha UV ya aina hii, kwa hiyo chupa inakaa mu boksi iliyofungwa, na kazi unaifanyia mbali na dirisha.

Sasa mawe, juu hapa njo roho yangu iko. Mji wetu umejengwa juu ya haya mawe meusi, kuta zetu, barabara, msingi wa nyumba, volkano ilipita katikati ya mji mwezi wa kwanza 2002 mupaka ikaingia ziwani, na 2021 mwezi wa tano ikashuka tena, ikaharibu nyumba za watu. Mtu akivaa kipande cha jiwe ile shingoni ni kitu kikubwa kwake, nimeona mteja akilia akipokea shenete (mkufu) yenye jiwe ya kiwanja chao cha zamani. Kitu kama hicho huwezi kukifanya ovyo.

Lakini jiwe ya volkano na rezini ya UV ni adui wawili mpaka uwapatanishe. Kwanza jiwe ni jeusi, mwanga haupiti kabisa, kila kitu kiko kivulini mwake kinabaki maji. Pili iko na matundu kila mahali, na mu kila tundu kuna hewa, ukimwaga rezini juu yake hewa inapanda inakuwa mapovu na wakati mwingine inapanda pale pale unapowasha lampe, juu rezini inapata joto ikijifunga na hewa ikipata joto inatanuka. Mimi ninafanya hivi: naosha jiwe na brosi mupaka vumbi iishe, naliacha likauke siku mbili juani, ata tatu kama ni kipindi ya mvua, kisha nalipaka rezini nyembamba na kabrosi kadogo, nasukuma iingie mu matundu, nangoja dakika kumi mapovu yatoke, yale yanakataa nayatoboa na sindano au napitisha moto wa brike (kiberiti cha gesi) haraka haraka bila kusimama. Rezini ikiwa nzito naweka kwanza chupa mu maji ya uvuguvugu, imefungwa vizuri, inakuwa nyepesi. Njo nawasha. Nageuza jiwe, napaka upande mwingine, nawasha tena, nageuza tena ubavu. Tundu refu lenye mwanga hauwezi kufika chini yake silijazi rezini ya UV, naliacha wazi au nalijaza na epoksi, ile ya kuchanganya sehemu mbili yenye haingoji mwanga.

Kisha njo naliweka mu muli (kalibu), na muli iwe ya silikoni inayoona, si ile nyeupe wala ya rangi, juu nataka kuwasha toka juu na toka chini. Chini namwaga kwanza rezini milimita moja, nawasha, naweka jiwe juu yake, namwaga pembeni kidogo kidogo, milimita moja au mbili kila safari, nawasha kila safari. Inachosha, najua. Ukimwaga yote mara moja inashika juu, inapata moto sana, inajikunja, inang'oka ku kuta za muli, na katikati bado laini. Rangi nayo ni vile vile, rangi nyeusi na nyeupe zinafunga mwanga zaidi ya zote, tone moja dogo ku kijiti linatosha, na tabaka liwe jembamba zaidi.

Na kubandika kisahani cha chuma ku jiwe, lile kosa langu: usitumie rezini ya UV pale. Chuma upande huu, jiwe upande ule, mwanga utapita wapi? Tumia kole ya epoksi ya tyubu mbili, ile unachanganya, inashika ata gizani juu yenyewe haingoji mwanga, inangoja mwenzake. Epoksi ya kumwaga nayo njo ninatumia kwa vitu vinene, sinia, mbao kubwa, unapima sehemu mbili vile wameandika ku chupa, unachanganya polepole, unangoja siku moja au zaidi. Ni taratibu ila haichagui giza.

Swali lingine la kila siku: "Yaya, imeshika lakini inanata." Ile ni hewa. Oksijeni inakamata vile vipande vyenye njaa kabla havijashika wenzake, kwa hiyo uso wenye unagusa hewa unabaki na ngozi laini ata kama ndani ni jiwe. Funika na plastiki nyembamba inayoona kabla ya kuwasha, au ukimaliza panguza na alkoli ya izopropili ya asilimia 90 na zaidi, ukiwa umevaa gan (glavu), kisha rudisha mu lampe. Lakini kama ukikandamiza na kucha inaacha alama ya kuzama, hiyo si hewa tena, hiyo ni mwanga haujafika, na alkoli haitakusaidia.

Kitenge kinapendeza sana mu hereni, ila kipake kwanza kole nyeupe pande zote na kikauke, la sivyo rezini inalowesha kitambaa na rangi inakuwa giza. Maua, bugenvilia na mengine, yakauke kabisa ndani ya kitabu kizito wiki mbili tatu, yakibaki na maji yatakuwa ya kahawia.

Sasa ngozi. Hapa naomba mtu asiruke. Ile akrilati ikiwa maji inapita mu ngozi, na mwili unaweza kuikataa, si siku ya kwanza, unaweza kufanya kazi miezi bila kitu, kisha siku moja vidole vinaanza kuwasha, vinapasuka, mara nyingi siku moja au mbili baada ya kugusa, ndiyo maana watu hawaelewi imetoka wapi. Na ikishakuja haiondoki, mwili unakumbuka maisha yote, na akrilati ziko mu kole za makucha, mu dawa ya kuziba meno, ata mu saruji ya mifupa yenye wanganga wa upasuaji wanatumia. Vaa gan za nitrili, zile za bulu mara nyingi, si latexi, latexi inapitisha haraka. Tone likianguka ku gan, badilisha, usingoje. Likigusa ngozi, osha na sabuni na maji, usipanguze na alkoli juu alkoli inaisambaza na kuisukuma ndani. Fungua mlango hewa ipite. Ukisugua na msasa, lowesha maji, namba 400 kwanza, 800, 1000, mupaka 2000, na uvae maski, ile vumbi usiivute. Watoto wasikae ku meza ile, na usiangalie mu mwanga wa lampe.

Mabaki usimwage mu sinki wala mu mfereji, juu mfereji wetu unaenda ziwa Kivu na rezini mbichi ni sumu kwa samaki. Vikombe, vijiti, karatasi ya kupanguzia, vyote naviweka juani mupaka vigumu, kisha njo naviweka mu takataka.

Kabla sijafunga hereni yoyote mu sashe sasa, natengeneza moja ya ziada kwa mtindo ule ule na naivunja katikati na koleo. Nagusa pale pamevunjika na kijiti. Kama kijiti kinatoka kikavu, zile zingine zinaenda. Kama kinavuta uzi ata mdogo, zote zinarudi ku meza.

Yule mama nimemtengenezea zingine, jiwe lile lile, lakini safari hii hakuna kole wala kisahani, nimezungushia waya ya shaba na ndoano inaning'inia toka ku waya. Ziko hapa ku meza zinamngoja masikio yapone.