Gemu moja ya riadha, bei mbili

Mara kwa mara watu hunitumia picha za rafu zilizojaa gemu za zamani za mpira, na swali huwa lile lile: hizi zina thamani gani? Kazi yangu ni kuthamini gemu za zamani. Kwa FIFA na Madden, ile ya mpira wa Kimarekani, jibu huwa fupi: nyingi hazina thamani. Zilitengenezwa kwa mamilioni, na kila mwaka toleo jipya lilikuja kulizika la mwaka jana. Umri peke yake hauipi gemu ya michezo thamani. Bei hupanda pale mwendo huo ulipokatizwa na jambo fulani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Stadium Events ya NES, mashine ya zamani ya gemu ya Nintendo, iliyotolewa na Bandai huko Marekani mwaka 1987. Ni gemu ya riadha: mita 100, mita 110 kuruka viunzi, kuruka chini na miruko mitatu. Mchezaji anatandika mkeka wa Family Fun Fitness sakafuni na kukimbia juu yake kwa miguu yake mwenyewe, mpaka jasho limtoke. Nintendo waliupenda mkeka ule wakanunua haki zake, na mwaka 1988 wakauuza kwa jina jipya, Power Pad. Boksi la Stadium Events lilikuwa bado na jina la zamani la mkeka, kwa hiyo gemu ikaondolewa madukani. Ikarudi ikiitwa World Class Track Meet. Baadaye iliwekwa kwenye kaseti moja na Super Mario Bros. na Duck Hunt, ikauzwa pamoja na mashine yenyewe, ikaenea kila mahali.

Mashindano ni yale yale, wanariadha ni wale wale. Lakini World Class Track Meet unaipata kwa dola chache, na Stadium Events ya Marekani, hata ikiwa kaseti tupu bila boksi, huenda kwa maelfu. Februari 2010 nakala iliyofunguliwa, ikiwa na boksi lake, iliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni wa eBay kwa dola 13,105, pamoja na mashine ya NES na gemu nyingine chache. Mwezi huo huo nyingine ambayo nailoni yake haijawahi kuchanwa ikafika dola 41,300. Fikiria hilo kwa makini: pengo la zaidi ya dola 28,000, na kinachozitenganisha hasa ni nailoni.

Panapokuwa na pesa hivyo, feki hazikosi. Feki ya kivivu ni kaseti ya Track Meet iliyobandikwa lebo mpya. Ukiiwasha tu, jina kwenye skrini linaiumbua. Kuna za hatari zaidi. Mtu mmoja aliwahi kuniletea kaseti aliyoinunua kwa akiba yake ya muda mrefu. Lebo ilikuwa safi, na jina kwenye skrini lilikuwa Stadium Events. Nikachukua bisibisi maalumu ya skrubu za Nintendo, nikaifungua. Bodi ilikuwa ya kweli, lakini chipu moja ilikuwa imebandikwa kipande cha karatasi. Nilipokibandua, chini yake palikuwa na kidirisha cha kioo: chipu inayoandikwa programu nyumbani. Chipu za kiwandani hazina kidirisha, na maandishi yake yamechapwa moja kwa moja mgongoni. Kumwambia yule mtu ukweli kuliniuma sana, na tangu hapo sithamini kaseti ya gemu hii bila kuifungua. Pia naangalia imetoka wapi, maana ipo ya Ulaya yenye jina hilo hilo na bei yake ni ya chini mno.

NCAA Football 14, gemu ya mpira wa Kimarekani wa vyuo, ni habari nyingine kabisa. Ilitoka Julai 2013 kwa PS3 na Xbox 360, na haikuwahi kuwa adimu. Ila Ed O'Bannon, aliyekuwa mchezaji wa kikapu wa chuo kikuu cha UCLA, alikuwa amefungua kesi mwaka 2009 kupinga sura za wachezaji wa vyuo kutumiwa bila malipo, na mfululizo huo ukasimama. Kwa miaka 11, aliyetaka kucheza toleo la mwisho alilazimika kutafuta diski hiyo hiyo, na iliyotumika ikapita dola 100, juu ya bei yake ilipokuwa mpya. Mashabiki waliendelea kuingiza majina ya wachezaji wapya kwa mkono, msimu baada ya msimu. Mrithi wake, College Football 25, ilipotoka Julai 2024, bei ya ile ya zamani ikalegea.

Ndiyo maana kabla ya kutaja bei najiuliza mnunuzi ataicheza au ataitunza. Wa kucheza anavumilia kava lililopasuka, mradi diski isome. Wa kutunza analipia boksi, na huyo hatikiswi na toleo jipya. NBA Elite 11, gemu ya kikapu iliyofutwa mwaka 2010 ikiwa karibu kuingia sokoni, ni ya huyu wa pili: nakala chache za PS3 zilizoponyoka zinagombaniwa na watu wasio na haja ya kuicheza.

Basi ukikuta boksi la Stadium Events, usibandue stika ya bei, usiifute lebo kwa spiriti, na kama lina nailoni usiiguse. Nipigie picha ya nyuma kwanza. Mshono wa nailoni ya kiwandani ya NES una umbo la herufi H, na ndio ninaoanza kuutafuta.