"Miye Si Mweusi wa Hapa": Sentensi Niliyochoka Kuitafsiri

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili huku Marekani, mahakamani na kwenye ofisi za mawakili. Kanuni ya kazi yetu ni fupi: usiongeze, usipunguze, usishauri. Mteja akisema pumba, unazipeleka pumba zile zile kwa Kiingereza fasaha, uso umeukausha. Hapa sijala kiapo, kwa hiyo leo nitaongeza na nitashauri.

Chukua baba mmoja wa Bukavu, Kongo. (Siri za wateja nazitunza; huyu ni watu watatu niliowashona kuwa mmoja.) Alisimamishwa usiku kwa sababu ya taa ya nyuma, akashuka kumsalimia askari, na sekunde chache baadaye alikuwa kifudifudi kwenye lami, pingu mgongoni. Wakili alimuuliza kwa nini alishuka. Akanigeukia mimi: "Dada, umwambie miye si mweusi wa hapa. Miye ni mkimbizi, niko na makaratasi."

Nikatafsiri. Nimeshaitafsiri sentensi hiyo kwa Kiswahili cha Bukavu, cha Kigoma na cha Kisumu. Kila mara nyuma yake kuna imani ile ile: kwamba polisi wana ugomvi wao na Wamarekani weusi, ugomvi wa kizamani usiotuhusu, na kwamba mgeni mwenye adabu, anayefanya kazi zamu mbili na kwenda kanisani au msikitini, ataonekana tofauti.

Ataonekana na nani? Fungua ripoti ya polisi. Kuna kisanduku cha asili ya mtu, na mara nyingi askari hamuulizi mtu, anajaza anachokiona. Kwenye ripoti za wateja wangu kina herufi moja: B, yaani mweusi. Bukavu haimo. Lafudhi yako ataisikia baadaye, ukijaliwa kufungua mdomo.

Amadou Diallo alikuwa mhamiaji kutoka Guinea, miaka 23. Tarehe 4 Februari 1999 alikuwa mlangoni pa jengo alilokuwa akiishi, Bronx, New York, polisi wanne waliovaa kiraia walipomfyatulia risasi 41. Zilizompata ni 19. Mkononi alikuwa na pochi. Polisi wote wanne walishtakiwa na wote wakaachiwa huru mwaka 2000.

Ukisema Guinea ni mbali, njoo kwetu. Patrick Lyoya, Mkongomani wa miaka 26, aliingia na familia yake kama wakimbizi mwaka 2014. Tarehe 4 Aprili 2022, Grand Rapids, Michigan, polisi alimsimamisha kwa madai kwamba namba ya gari haikuwa ya gari lile. Lyoya akashuka. Akaambiwa arudi ndani. Akauliza amekosa nini. Akaulizwa kama anajua Kiingereza, akasema ndiyo. Video ipo, na nikiitazama naona kila mteja wangu mle ndani: mtu anayesikia maneno lakini haelewi kwa nini anafokewa. Wakakimbizana, wakagombea bunduki ya umeme, na mwisho ilikuwa risasi moja ya kisogo, Lyoya akiwa kifudifudi na polisi juu ya mgongo wake. Baba yake alizungumza na waandishi wa habari kupitia mkalimani.

"Lakini si alishuka?" huniuliza watu. Alishuka, kwa sababu kwetu dereva mstaarabu hushuka. Askari wa trafiki akikupungia Dar au Nairobi, kubaki umekaa kama bosi ni dharau. Unatoka, "habari za kazi, afande," leseni mkononi, mnaelewana. Huku kushuka kunasomwa kama kumvamia. Kwa hiyo, na hili ningelipaka rangi ukutani kama ningeruhusiwa: baki garini. Zima injini, washa taa ya ndani, shusha kioo, mikono iwe juu ya usukani, na useme unachokwenda kugusa kabla hujakigusa. Ukiambiwa ushuke, shuka. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa polisi mamlaka hayo tangu 1977. Na ile noti uliyoikunja chini ya leseni iache nyumbani. Huku haiitwi chai, inaitwa kuhonga ofisa wa serikali, na nilishamtafsiria mtu ambaye kielelezo dhidi yake kilikuwa dola 20.

Adabu hizi hupunguza hatari. Lakini si kinga. Philando Castile alikuwa Mmarekani, Kiingereza ndicho alichozaliwa nacho, na kabla ya Julai 2016 alikuwa ameshasimamishwa barabarani zaidi ya mara 40. Siku hiyo, karibu na mji wa Saint Paul, Minnesota, alimwambia polisi kwa upole kabisa kwamba ana bastola, na alikuwa akiimiliki kihalali. Akapigwa risasi ndani ya gari, mpenzi wake pembeni, mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma. Polisi aliachiwa huru mwaka uliofuata.

Wateja hudhani mahakama itauliza kama hatari ilikuwapo kweli. Swali ni jingine. Tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Graham dhidi ya Connor mwaka 1989, nguvu ya polisi hupimwa kwa macho ya polisi mwenye busara aliyekuwa pale wakati ule: je, hofu yake ilikuwa na msingi? Katika kesi ya polisi aliyemuua Lyoya, Mei 2025, raia walioitwa kuamua walisikiliza hoja za aina hiyo wakashindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akatangaza kwamba hatairudia. Hofu ya aliyekuwa chini kwenye nyasi haina kipimo chake.

Mengine ninayoambiwa nayapitia haraka.

"Polisi wanaua wazungu wengi zaidi." Kwa idadi, sawa. Ila weusi ni kama 14 katika kila Wamarekani 100, na katika wanaouawa kwa risasi za polisi ni karibu robo. Gawanya mwenyewe.

"Siku hizi wana kamera." Polisi waliomkandamiza George Floyd hadi kufa, Minneapolis, tarehe 25 Mei 2020 walikuwa nazo kifuani, na taarifa ya kwanza ya polisi ikasema alipatwa na tatizo la kiafya. Walioumbuliwa waliumbuliwa na simu ya msichana wa miaka 17 aliyesimama kando ya barabara. Ukiona tukio, rekodi, ukiwa mbali, bila kuingilia.

"Polisi akikosea, atalipa." Jiji la Minneapolis liliilipa familia ya Floyd dola milioni 27. Jiji, maana yake walipa kodi, na wewe umo.

"Hakunisomea haki zangu, kesi imekufa." Haijafa. Haki hizo husomwa kabla ya kuhojiwa ukiwa kizuizini. Zisiposomwa, uliyoyasema wakati wa kuhojiwa ndiyo yanayoweza kukataliwa.

"Nikinyamaza nitaonekana mkosaji." Toa leseni, hati ya gari na bima, kisha omba wakili na mkalimani. Ukiombwa ruhusa ya kupekua gari, neno ni "ombwa", unaweza kukataa. Tuna ugonjwa wa kusema "yesi, yesi" kwa kila tusichokielewa, kwa heshima tu. Ile yesi inarekodiwa, na miezi sita baadaye mimi ndiye ninayekusomea.

Halafu kuna wanaopiga 911, namba ya dharura, ndugu akichanganyikiwa akili, wakidhani wataletewa daktari. Alfred Olango, mkimbizi kutoka Uganda, aliitiwa msaada na dada yake mwenyewe huko El Cajon, California, Septemba 2016. Polisi walipofika hazikupita dakika mbili wakawa wamemuua. Mkononi alikuwa na kifaa cha kuvuta mvuke. Hakuna aliyeshtakiwa. Tangu 2022 ipo namba 988 kwa mambo ya akili, anzia huko. Ukilazimika kupiga 911, sentensi ya kwanza iwe: ni mgonjwa, hana silaha, anaongea Kiswahili. Ijifunze leo kwa Kiingereza, uibandike kwenye friji.