Intelijensia siyo ujasusi, tuzitofautishe jamani

Kila siku naona mtu anaandika "intelijensia" akimaanisha jamaa wa kofia na miwani ya jua anayemfuatilia mtu mtaani. Kwa kifupi tu, ujasusi ni kuipata habari kwa siri, intelijensia ni hiyo habari ikishachambuliwa, ikalinganishwa na nyingine, ikapimwa uzito halafu ikapelekwa kwa anayetakiwa kuamua. Maana ni hiyo basi.

Kinachoniudhi ni ile hadithi kwamba CIA, shirika la intelijensia la Marekani, imezaliwa na majasusi peke yao. Japani ilipopiga Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, tarehe 7 Desemba 1941, jeshi la majini la Marekani lilikuwa na vipande vyake vya habari na jeshi la nchi kavu lina vyake, ila hakuna aliyekuwa ameviunganisha. Na Rais Roosevelt alikuwa ameshampa kazi ya namna hiyo mwanasheria wa New York, William Donovan, tangu Julai mwaka huohuo, na Juni 1942 ofisi yake ikageuzwa kuwa OSS, shirika la Marekani la intelijensia na operesheni za siri wakati wa vita. Wengi wakiisikia OSS wanawaza watu wa kuruka na parachuti na mabomu tu, na kweli hayo yalikuwepo, lakini ndani yake kulikuwa na kitengo cha utafiti na uchambuzi chini ya William Langer, profesa wa historia wa Harvard, kimejaa wanahistoria, wachumi na wanajiografia, na sehemu kubwa ya malighafi yao ilikuwa vitabu, ramani na magazeti ya Maktaba ya Bunge pale Washington, vitu ambavyo hata mwanafunzi angeweza kuazima! Kabla majeshi ya Marekani na Uingereza hayajashuka Morocco na Algeria Novemba 1942, ndio hao waliokaa kuandika ripoti za bandari na reli za Afrika Kaskazini, na aliyewasimamia ni Sherman Kent, mwalimu wa historia ya Ufaransa kutoka Yale.

Na angalia vita ilipoisha. Rais Truman aliivunja OSS kuanzia tarehe 1 Oktoba 1945, wachambuzi wakapelekwa Wizara ya Mambo ya Nje, majasusi wakabaki chini ya Wizara ya Vita, yaani hata wenyewe walijua hizi ni kazi mbili. CIA ikaja 1947.

Kent huyohuyo akarudi kazini 1950, safari hii CIA. Mwaka 1951 ofisi yao ikaandika kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia lichukuliwe kuwa ni "uwezekano wa kweli". Bosi mmoja wa Mambo ya Nje akamuuliza, uwezekano huo ni kiasi gani? Kent akajibu yeye alimaanisha kama 65 kwa 35, yaani asilimia 65 kwamba shambulio litatokea. Alipowauliza wenzake walioipitisha ripoti ileile, kuna aliyemaanisha 20 kwa 80 na kuna aliyemaanisha 80 kwa 20, sentensi moja hiyohiyo! Jambo hilo lilimkera miaka mingi mpaka akapendekeza kila neno la makadirio lipewe kiwango chake cha asilimia, na kwangu mimi taaluma yenyewe iko hapo.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiambiwa kitu na mtu aliyeko ndani, hata kama ni siri nzito kiasi gani, hiyo bado ni taarifa tu, usiiite intelijensia kabla hajatokea wa kukaa nayo, kuuliza imetoka wapi na kusema ana uhakika nayo kiasi gani.