"no such instruction" haimaanishi prosesa yako ni mzee

Watu wengi wakikompaili programu wakaona "no such instruction: vinserti128..." wanakimbilia kusema aah prosesa yangu haijui AVX2 (kundi la maagizo ya ziada ya prosesa), ninunue mashine mpya. Hapana bana, prosesa hapo hata haijaulizwa kitu. Iko hivi, GCC, yaani kompaila, yenyewe haitoi namba za mashine, inaandika maandishi ya asembli halafu inamkabidhi asembla, ile `as` inayokuja na binutils (kifurushi cha zana za kujenga programu), ndo ageuze yawe namba, sasa kama umeweka GCC mpya lakini binutils ni ya zamani kabla AVX2 haijaingizwa, asembla anakutana na jina hajawahi kulisikia anagoma, hata kama prosesa ni Haswell ya Intel ya 2013 inayoijua vizuri tu. Na kinyume chake kinawezekana, unaweza kukompaili kodi ya AVX-512 (maagizo mapya zaidi ya AVX2) kwenye mashine isiyo nayo, itapita freshi, ila ukiirani ndo unakula "Illegal instruction". Hiyo sasa ndo prosesa inalalamika.

Cheki `as --version`, weka binutils mpya. Ukishindwa weka `-mno-avx2` kwenye amri ya GCC ili isitumie AVX2 (spidi inaweza kushuka kidogo), au tumia Clang, kompaila nyingine, ina asembla yake ndani.