Je, Pumu Inaongezeka kwa Watoto wa Shule? Maswali na Majibu

Pumu imeongezeka kweli, au siku hizi inatambuliwa zaidi?

Yote mawili. Mjini Aberdeen, Scotland, watafiti waliwauliza wazazi wa wanafunzi kuhusu vifua vya watoto wao mwaka 1964, wakarudia mwaka 1989. Watoto waliowahi kutoa mlio kifuani wakipumua walikuwa asilimia 10.4 mara ya kwanza. Baada ya miaka 25 wakawa 19.8. Waliokuwa wameambiwa na daktari kwamba wana pumu walitoka asilimia 4.1 hadi 10.2. Jina la ugonjwa lilienea haraka kidogo kuliko dalili yenyewe, maana watoto ambao zamani wangeambiwa "ana kifua tu" sasa waliambiwa wana pumu. Lakini dalili nayo ilikaribia kuongezeka maradufu, na hilo haliwezi kuelezwa kwa kubadilika kwa jina peke yake. Nchini Marekani, watoto wenye pumu walikuwa asilimia 3.6 mwaka 1980, na kufikia 1995 walikuwa 7.5.

Takwimu hizi hupatikanaje? Watoto wote hawapimwi mapafu.

Hawapimwi, wanaulizwa. Utafiti mkubwa wa kimataifa uitwao ISAAC, ulioanzishwa mwaka 1991, ulichagua wanafunzi wa miaka 6 hadi 7 na wa miaka 13 hadi 14 katika nchi nyingi, na swali lake kuu lilikuwa jepesi: katika miezi 12 iliyopita, kifua kimewahi kutoa mlio kama wa filimbi?

Jepesi kulisoma, gumu kulitafsiri. Mzazi mmoja husema mtoto anakorota, mwingine kifua kinambana, mwingine anahema tu, na kila neno lina maana yake. Mtoto anayekorota puani kwa mafua anaweza kuhesabiwa kimakosa, na mwenye pumu ambaye hukohoa tu akaachwa. Ndiyo maana ISAAC iliwaonyesha vijana video ya watu wenye dalili hizo na kuwauliza kama wao imewahi kuwatokea. Mimi naona hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote katika utafiti ule. Hata hivyo tofauti zilibaki kubwa mno: kuna maeneo ambako vijana wenye mlio hawakufika asilimia 2, na kwingine walipita 36; viwango vya juu zaidi vilipatikana katika nchi kama Uingereza, Australia na New Zealand.

Bado inapanda?

Inategemea wapi. ISAAC iliporudia kuuliza mwanzoni mwa miaka ya 2000, mlio ulikuwa umesimama au kupungua katika nchi zinazozungumza Kiingereza na Ulaya Magharibi, na ulikuwa ukipanda katika sehemu nyingi za Afrika, Amerika ya Kusini na Asia. Hapa ndipo penye uchungu. Vifo vingi vya pumu duniani hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako dawa ya kuzuia mara nyingi haipatikani au hainunuliki.

Kama ni ugonjwa wa kurithi, unaongezekaje?

Kurithi kupo, lakini damu ya ukoo haibadiliki ndani ya miaka 25. Kilichobadilika ni maisha.

Wengi hufikiri jibu ni moshi wa viwanda. Ujerumani ilipoungana, Profesa Erika von Mutius na wenzake walilinganisha watoto wa Leipzig, mji uliokuwa na hewa chafu sana, na wale wa Munich. Walitarajia pumu iwe nyingi Leipzig. Wakakuta nyingi iko Munich. Baadaye ilionekana kwamba watoto wanaokulia karibu na mifugo hupata pumu kidogo zaidi. Nchini Marekani kuna jamii mbili za wakulima zenye asili inayokaribiana: Waamish, wanaolima kwa farasi na watoto wao hushinda zizini, na Wahutterite, wanaotumia mashine za kisasa. Watoto wenye pumu kwa Waamish walikuwa asilimia 5.2, kwa Wahutterite 21.3. Inaelekea kinga ya mwili hujifunza utulivu ikikutana mapema na vijidudu vingi vya aina mbalimbali.

Tafadhali usichukue hili kuwa ruhusa ya moshi. Hewa chafu huchochea pumu iliyopo, na ya magari husaidia hata kuianzisha. Kusini mwa California, hewa ilipotakata, watoto wapya waliopata pumu walipungua. Huko Scotland, watoto waliolazwa kwa pumu walikuwa wakiongezeka kila mwaka. Baada ya uvutaji sigara kupigwa marufuku ndani ya majengo ya umma mwaka 2006, idadi ikaanza kushuka.

Mtoto wangu hana mlio, ila hukohoa usiku na akikimbia. Nihangaike?

Mpeleke apimwe. Kikohozi cha usiku, cha baada ya kukimbia au kucheka sana, na mafua ambayo kila mara "yanashuka kifuani" ni dalili zinazopuuzwa mno.

Ataacha akikua?

Wengi hupata nafuu wakibalehe, hasa wavulana. Kwa baadhi hurudi ukubwani.

Ni kweli inhela humzoesha mtoto?

Si kweli, na imani hii inaua. Kuna inhela ya kutuliza, inayofungua njia za hewa kwa saa chache, na ya kuzuia, yenye steroidi kidogo, inayotibu uvimbe wenyewe wa njia za hewa. Mtoto anayetumia ya kutuliza kila siku hajazoea dawa: pumu yake haijadhibitiwa. Ya kuzuia huendelea hata akiwa mzima, likizo pia, kwa sababu shule zikifunguliwa virusi vya mafua husambaa darasani na pumu huamka.

Akishindwa kumaliza sentensi, ngozi katikati ya mbavu ikidumbukia ndani anapovuta pumzi, au midomo ikigeuka rangi, mkalishe wima, mpe inhela ya kutuliza, na safari ya hospitali ianze wakati huohuo.