Vichujio kwenye kontrola: funga kote kwanza, kisha fungua kwa kutaja

Kontrola yoyote inayokua, yaani darasa linalopokea maombi ya programu ya wavuti, hufika mahali ambapo kila kitendo (methodi inayojibu aina moja ya ombi) kinaanza na maswali yaleyale: mtumiaji ameingia? Ana ruhusa? Rekodi anayoitaka ipo? Kunakili mistari hiyo kila mahali ni kujitafutia balaa, kwa hiyo tunaihamishia kwenye vichujio. Mifano yangu ni ya Rails, mfumo wa kujengea programu za wavuti kwa lugha ya Ruby, maana ndiyo ninayoshinda nayo, ila ASP.NET Core, mfumo wa Microsoft, nayo ina vichujio vyake na mantiki haiko mbali.

Kichujio ni methodi inayoendeshwa kabla ya kitendo, baada yake, au kwa kukizunguka: `before_action`, `after_action` na `around_action`. Ukikuta `before_filter` kwenye programu ya zamani, ni kitu kilekile. Jina jipya lilikuja na Rails 4, na la zamani likaondolewa kwenye 5.1. Kichujio cha kabla kikishatoa jibu, yaani kikiita `render` (kuonyesha ukurasa) au `redirect_to` (kuelekeza kwingine), msururu unakatika hapohapo na kitendo hakifikiwi. Kurudisha `false` peke yake hakuzuii chochote.

Sasa tazama kontrola hii ya ankara, ya aina ninayokutana nayo mara kwa mara ninapokagua msimbo wa wenzangu (`only` hutaja vitendo pekee ambavyo kichujio kinavihusu):

```ruby
class AnkaraController < ApplicationController
  before_action :hakikisha_ameingia, only: [:show, :edit, :update]
  before_action :tafuta_ankara, only: [:show, :edit, :update]
  before_action :hakikisha_ni_mmiliki, only: [:show, :edit, :update]
end
```

Kwa macho iko safi. Lakini baada ya muda mtu anaongeza kitendo cha `destroy`, anatafuta ankara ndani yake mwenyewe, majaribio yanapita, na orodha za `only` hakuna anayezikumbuka. Matokeo yake, yeyote anayeijua anwani na kuweza kutuma ombi anafuta ankara za watu bila hata kuingia. Kwa ukaguzi wa usalama, `only` ni hatari kwa sababu kusahau kunaacha wazi. Ninachotaka ni kusahau kuache kumefungwa, na kontrola ya kuingilia, hapa `MlangoController`, ifunguliwe kwa kutajwa:

```ruby
class ApplicationController < ActionController::Base
  before_action :hakikisha_ameingia
end

class MlangoController < ApplicationController
  skip_before_action :hakikisha_ameingia, only: [:new, :create]
end
```

Vichujio vya kontrola mama huendeshwa kwanza, kisha vya mtoto, kwa mpangilio ulioviandika. Kitendo kipya kinazaliwa kikiwa kimefungwa. Anayetaka kukifungua lazima aandike `skip_before_action`, na mstari huo unaonekana kwa kila anayekagua. Ukitafuta neno hilo kwenye mradi mzima unapata orodha ya sehemu zote zilizofunguliwa, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa vitendo ambavyo mtu alisahau tu kuvitaja.

Kuna mtego mwingine ambao huwatesa hata wazoefu. Ukiandika kichujio chenye jina moja mara mbili ndani ya kontrola moja, mstari wa pili haujumlishwi na wa kwanza, unaufuta. Yaani ukiwa na `before_action :hakikisha_ni_meneja, only: :edit`, na mbele kidogo ukaweka `before_action :hakikisha_ni_meneja, only: :update`, basi `edit` imebaki bila ulinzi. Hakuna onyo wala kosa. Weka vitendo vyote kwenye orodha moja.

Tukirudi kwenye ankara, hicho kichujio cha `hakikisha_ni_mmiliki` mimi ningekitoa kabisa. Ankara itafutwe miongoni mwa ankara za mtumiaji aliyeingia pekee:

```ruby
def tafuta_ankara
  @ankara = mtumiaji.ankara.find(params[:id])
end
```

Ankara ya mtu mwingine haipatikani, Rails inatoa hitilafu ya `RecordNotFound`, na kwenye seva halisi mgeni anapata 404, jibu la “haipatikani”. Hawezi hata kujua kama namba ile ipo. Kichujio ambacho hakipo hakiwezi kusahaulika.

Kuhusu `after_action` nina machache ya kusema. Haiendeshwi kichujio cha kabla kikikata msururu, wala kitendo kikitoa hitilafu, kwa hiyo usiitegemee kuandika kumbukumbu za ukaguzi. Kitu ambacho lazima kifanyike hata kitendo kikifeli kinafaa `around_action`, ndani ya `ensure` (sehemu inayoendeshwa hata hitilafu ikitokea), na nacho kitangulie vichujio vingine. Na usisahau `yield`, neno linaloita kitendo chenyewe: bila hiyo kitendo hakiendeshwi kamwe.

Kuanzia Rails 7.1 kuna mpangilio unaoitwa `raise_on_missing_callback_actions`, unaotoa hitilafu pale `only` au `except` (inayotaja vitendo vya kuachwa) inapotaja kitendo kisichokuwepo. Programu mpya huja nao tayari kwenye mazingira ya utengenezaji na ya majaribio. Kwenye mradi wa zamani uwashe mwenyewe. Unakamata makosa ya tahajia na vitendo vilivyobadilishwa majina, ila hauwezi kukuambia kwamba umesahau kukitaja kitendo kilichopo.

Kwa hilo, ninaandika majaribio yanayotuma ombi halisi kwa kila njia: mara moja bila sesheni yoyote, na mara moja kama mtumiaji wa pili anayeomba ankara ya wa kwanza. La kwanza lielekezwe kwenye ukurasa wa kuingia, la pili lipate 404. Kuipima methodi ya kichujio peke yake sioni faida yake, maana methodi inaweza kuwa sahihi kabisa na hakuna kitendo kinachoiita.